Nahodha Aliyekataa Kusimama

Charles Algernon Fryatt hakuwa askari hata siku moja. Hakula kiapo cha jeshi, hakuvaa sare ya jeshi, na meli aliyoiongoza haikuwa na mzinga. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu, barua na vyakula kati ya Uingereza na Uholanzi, na aliyemlipa mshahara ni kampuni ya reli. Hata hivyo, jioni ya Alhamisi, tarehe 27 Julai 1916, kikosi cha askari wa Kijerumani kilimpiga risasi mjini Brugge, Ubelgiji, baada ya kesi iliyoanza na kwisha siku hiyo hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 43. Kosa lake, kwa mujibu wa waliomhukumu, ni kwamba miezi kumi na sita kabla ya hapo nyambizi ilimwamuru asimame, naye badala ya kusimama akaielekezea meli yake.

Uingereza peke yake ilipoteza mabaharia wa meli za biashara zaidi ya 14,000 katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi walizama na majina yao yakabaki kwa familia zao tu. Kifo cha Fryatt ni tofauti kwa jambo moja: yeye aliuawa kwa hukumu ya mahakama, na mahakama hulazimika kutaja sababu. Tukizipima sababu hizo tunaona hali ya kila baharia wa biashara wakati wa vita. Serikali zinapomhitaji humtumia kama askari. Anapohitaji haki za askari, huambiwa yeye ni raia.

Mtoto wa bandarini

Fryatt alizaliwa Southampton, bandari kubwa ya kusini mwa Uingereza, mwaka 1872. Akiwa angali mdogo familia ilihamia Harwich, mji ulio kwenye pwani ya mashariki, unaotazamana na Uholanzi ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Baba yake naye alikuwa baharia. Kijana akasoma shule ya palepale, na alipomaliza akaingia kwenye meli za biashara, kama ilivyokuwa kawaida ya vijana wa mji ule.

Mwaka 1892 aliajiriwa na Great Eastern Railway, kampuni ya reli iliyokuwa na meli zake yenyewe. Treni zilitoka London zikaishia gatini Parkeston, karibu na Harwich, na abiria aliyekata tiketi ya Rotterdam au Antwerp alishuka kwenye behewa akapanda meli ya kampuni ile ile. Fryatt alianza chini kabisa, baharia wa kawaida katika meli iliyoitwa Ipswich. Kutoka hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine, hadi akakabidhiwa meli yake ya kwanza kama nahodha, Colchester. Alimwoa Ethel, wakajaliwa watoto saba, wasichana sita na mvulana mmoja.

Njia yake ilikuwa fupi. Ukiondoka Harwich jioni, asubuhi uko Uholanzi. Lakini sehemu hiyo ya bahari ina maji haba, mafungu ya mchanga yanahamahama, mikondo inakwenda kwa nguvu, na ukungu hushuka ghafla. Ili vyombo visipande mafungu, ziliwekwa meli za taa, zilizotiwa nanga mahali pamoja mwaka mzima kuwaonyesha manahodha mlango wa bandari. Mmoja wa walinzi hao alikuwa meli ya taa ya Maas, nje ya mto unaopeleka vyombo Rotterdam. Kwa zaidi ya miaka ishirini Fryatt alipita hapo usiku na mchana. Alizijua nguvu za maji na tabia za pepo kama mwenyeji anavyoyajua maskani yake.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Uholanzi haikuegemea upande wowote. Kwa hiyo meli za Harwich ziliendelea kwenda na kurudi, zikileta vyakula na barua, na kuvusha wakimbizi waliokimbia Ubelgiji iliyokuwa imevamiwa. Hatari sasa zilikuwa za aina nyingine: mabomu yaliyotegwa majini, manowari zilizojificha katika bandari za Ubelgiji, na nyambizi.

Sheria ya zamani na chombo kipya

Kabla ya nyambizi kuenea, bahari ilikuwa na desturi zake za vita, na hata adui aliziheshimu. Mfano mzuri ulitokea kwenye bahari yetu wenyewe. Tarehe 31 Julai 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo watu wa pwani waliijua kama manowari ya bomba tatu, iliondoka Dar es Salaam. Siku sita baadaye, katika Ghuba ya Aden, iliikamata City of Winchester, meli ya Kiingereza iliyobeba chai. Wajerumani waliisimamisha, wakaikagua, wakachukua walichohitaji, wakawahamishia mabaharia wake katika meli nyingine, na baada ya hapo ndipo wakaizamisha kwenye visiwa vya Kuria Muria, pwani ya Oman. Meli ilipotea, watu walisalimika. Hivyo ndivyo sheria ilivyotaka: meli ya adui yenye mali inaweza kutekwa, hata kuzamishwa, lakini kwanza watu wawekwe mahali pa usalama.

Sheria hiyo ilikuwa na upande wa pili. Meli ya biashara ya nchi iliyo vitani haikulazimika kujisalimisha. Nahodha akiamua kukimbia, au hata kukataa kwa nguvu asitekwe, alikuwa anaiweka meli yake katika hatari ya kupigwa mizinga. Lakini hakuhesabiwa mhalifu kwa kukataa. Akishindwa, alitekwa kama mateka wa vita.

Nyambizi iliivuruga desturi hii. Ya wakati ule ilikuwa na watu thelathini na kitu tu, wamebanana kwenye chuma chembamba. Haikuwa na nafasi ya kupakia mabaharia wa meli nyingine, haikuwa na watu wa ziada wa kuipeleka meli iliyotekwa bandarini, na kila dakika iliyokaa juu ya maji ilijihatarisha, kwa kuwa hata meli ya mizigo ikiigonga iliweza kuipasua. Nguvu yake yote ilikuwa kupiga bila kuonekana. Kuitaka nyambizi ifuate sheria ya zamani ni kuivua silaha. Kuiruhusu isiifuate ni kuwaachia mabaharia wa biashara wafe.

Tarehe 4 Februari 1915 Ujerumani ilitangaza kwamba bahari zote zinazoizunguka Uingereza na Ireland ni uwanja wa vita, na kuanzia tarehe 18 mwezi huo kila meli ya biashara ya adui itakayokutwa humo itaangamizwa, hata kama haitawezekana kuwaokoa waliomo. Wizara ya Jeshi la Majini ya Uingereza, chini ya Winston Churchill, nayo ikawapa manahodha maagizo: msijisalimishe. Nyambizi ikitokea karibu mbele yenu, ielekezeeni omo moja kwa moja, ili ilazimike kuzama.

Watu waliotoa maagizo hayo walikuwa ofisini London. Wa kuyatekeleza walikuwa watu wa aina ya Fryatt, wasio na bunduki wala cheo cha kijeshi.

Mwezi Machi

Mtihani wa kwanza ulimkuta tarehe 2 Machi 1915, akiiongoza Wrexham. Nyambizi ilitokea ikaanza kumfukuza. Fryatt aliwaamuru hata mabaharia wa sitahani washuke kwenye matanuri kuwasaidia wachochea makaa. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya tanuri la meli ya mvuke anajua maana yake: joto linalokausha koo, vumbi la makaa machoni, koleo moja baada ya jingine bila kupumzika, na masikioni ngurumo za mashine inayolazimishwa kupita uwezo wake. Meli iliyodhaniwa haiwezi kupita maili 14 za baharini kwa saa ilikwenda 16. Huku ikikwepa mafungu na mabomu yaliyokuwa yanaelea, ilifukuzwa kwa maili 40 za baharini, na iliingia Rotterdam ikiwa na mabomba ya moshi yaliyoungua.

Jumapili ya tarehe 28 Machi mambo yalikuwa magumu zaidi. Sasa alikuwa na meli nyingine, Brussels, iliyojengwa Dundee mwaka 1902. Alipokaribia meli ya taa ya Maas aliiona nyambizi juu ya maji. Ilikuwa U-33, chini ya Konrad Gansser. Ikampa ishara asimame.

Alikuwa na njia tatu. Kwanza, kusimama. Lakini Wajerumani walikuwa wametangaza wenyewe kwamba meli itaangamizwa, na kusimama ni kumpa adui shabaha tulivu. Pili, kugeuza na kukimbia. Lakini U-33 ikiwa juu ya maji iliweza kwenda zaidi ya maili 16 za baharini kwa saa, na meli inayogeuka huanika ubavu wake wote mbele ya topido. Ilikuwa simama nchale, kaa nchale. Ikabaki njia ya tatu, ile iliyoagizwa na wizara: kuielekezea omo. Meli inayokuja uso kwa uso ni shabaha nyembamba, na nyambizi haina muda wa kulenga ikiwa inahofia kupandwa. Fryatt akaamuru mashine ziende kwa nguvu zote, akaielekea. U-33 ikazama haraka kujiokoa. Brussels ikapita, ikaendelea na safari yake, na hakuna aliyekufa upande wowote.

Siku hiyo hiyo, katika bahari ya upande wa pili wa Uingereza, nyambizi U-28 iliisimamisha Falaba, meli ya abiria iliyotoka Liverpool kwenda Afrika Magharibi. Falaba ilisimama. Nyambizi ilipiga topido wakati abiria na mabaharia bado wanashuka kwenye mashua. Waliokufa walizidi mia moja. Manahodha wawili, Jumapili moja, amri ya aina moja. Matokeo ya waliosimama yanatosha kueleza kwa nini Fryatt hakusimama.

Zawadi iliyogeuka ushahidi

Nchi yake ilimsifu. Kampuni ya reli ilikwisha kumpa saa ya dhahabu kwa ajili ya Wrexham. Kwa ajili ya Brussels, Wizara ya Jeshi la Majini ilimpa saa nyingine ya dhahabu, yenye maandishi yaliyochongwa kutaja jina lake, meli yake, tarehe 28 Machi 1915, na mfano mwema ulioonyeshwa na meli hiyo iliposhambuliwa na nyambizi ya Kijerumani. Sifa zake zilifika hadi bungeni na magazetini.

Zawadi hiyo ilitolewa kwa nia njema, lakini mtu anaweza kujiuliza kama waliomzawadia walifikiri vya kutosha. Fryatt hakupewa cheo cha akiba katika jeshi la majini, wala sare, wala karatasi yoyote ambayo angeweza kumwonyesha adui kwamba alitenda kwa amri. Alipewa sifa zilizochongwa kwenye dhahabu, kisha akarudishwa kwenye njia ile ile, mbele ya pua za manowari zilezile.

Usiku wa tarehe 22 Juni 1916, Brussels iliondoka Hoek van Holland kurudi Harwich ikiwa na abiria, wengi wao wakimbizi. Manowari za Kijerumani zilizotoka pwani ya Ubelgiji ziliizingira. Safari hii hapakuwa na njia: mizinga pande zote, na watu wasio na hatia sitahani. Nyaraka za serikali na mitambo ya redio viliharibiwa visiangukie mikononi mwa adui, meli ikatekwa na kupelekwa Zeebrugge, kisha Brugge. Mabaharia walipelekwa Ruhleben, kambi ya raia wa Kiingereza karibu na Berlin. Nahodha alipokamatwa alikuwa na saa yake.

Siku moja mahakamani

Fryatt alirudishwa Brugge pamoja na ofisa wake wa kwanza, William Hartnell. Tarehe 16 Julai gazeti la Kiholanzi liliandika kwamba atashtakiwa. Serikali ya Uingereza, kwa kuwa haikuwa na ubalozi kwa adui, iliwaomba Wamarekani, ambao walikuwa bado hawajaingia vitani, wafuatilie. Balozi wao mjini Berlin, James Gerard, aliandika, akaandika tena, akitaka mshtakiwa apate utetezi wa kutosha. Jibu lililotoka lilisema kesi haiwezi kuahirishwa kwa sababu mashahidi, mabaharia wa nyambizi, hawawezi kuendelea kusubiri.

Mahakama ya kijeshi ilikaa tarehe 27 katika jumba la halmashauri ya mji. Shtaka lilisema kwamba yeye, asiyekuwa mwanajeshi, alijaribu kuigonga U-33. Kwa hiyo ni mpiganaji asiye na sare. Shtaka hilo lilikuwa na historia ya damu katika Ubelgiji. Katika mwezi wa kwanza wa vita, askari wa Kijerumani waliua raia wengi wa miji na vijiji kwa madai hayo hayo. Dinant peke yake walikufa 674. Maandishi kwenye saa ya dhahabu yakatumika kama ushahidi. Hukumu ikawa kifo, Kaisari Wilhelm akaithibitisha, na saa moja jioni Fryatt akapigwa risasi, akazikwa katika makaburi madogo nje ya mji. Kisha likabandikwa tangazo kwa Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani, lenye sahihi ya Admirali Ludwig von Schröder, likiwafahamisha watu kwamba adhabu imetekelezwa.

Hoja ya Wajerumani inastahili kupimwa, si kutupwa tu. Ni kweli kwamba sheria za vita hutenganisha mwanajeshi na raia, na utengano huo humlinda raia. Mtu akijifanya raia kisha akavizia na kuua, anahatarisha raia wote. Lakini Fryatt hakuvizia. Alikuwa mahali pake pa kazi, mchana, akiongoza meli yenye bendera ya nchi yake, na nyambizi ndiyo iliyomwendea. Aidha, aliyemwamuru asimame alikuwa wa upande uliotangaza kwamba hautawaahidi watu wa meli usalama wao. Haiwezekani umnyang'anye mtu ulinzi wa raia mwezi Februari, kisha mwezi Machi umhukumu kwa kutotenda kama raia. Na U-33 yenyewe, ambayo kwa ajili yake mtu aliuawa, haikudhurika: iliendelea na kazi, mwaka 1916 ikaizamisha meli ya hospitali Portugal katika Bahari Nyeusi, na ikamaliza vita ikiwa nzima.

Kilichochelewa kutolewa

Waziri Mkuu Herbert Asquith alilaani mauaji hayo bungeni tarehe 31 Julai. Ethel alipewa pensheni na kampuni, na serikali ikaongeza ya kwake. Mwaka 1919 mwili wa Fryatt ulifukuliwa na kurudishwa kwa manowari. Kutoka Dover ulisafirishwa katika behewa lile lile lililokwisha kumbeba Edith Cavell, muuguzi aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1915. Ibada ilifanyika tarehe 8 Julai katika Kanisa Kuu la St Paul's, London, kisha akazikwa Dovercourt, jirani na gati alilolitumikia. Mwaka huo huo, tume ya Kijerumani iliipitia hukumu, ikasema haikuvunja sheria, ila ikasikitikia haraka iliyotumika. Meli yenyewe ilizamishwa na Wajerumani walipokuwa wakiondoka Zeebrugge mwaka 1918, ikaibuliwa, ikarudi kubeba mizigo kwa jina la Lady Brussels hadi ilipovunjwa mwaka 1929.

Heshima zote hizi zilistahili. Lakini marehemu aliyezikwa kwa fahari alikuwa mmoja. Chini ya sitaha za meli za Kiingereza kulikuwa na Wahindi, Wayemeni, Wasomali na watu wa pwani ya Afrika Mashariki wakichochea makaa; mabaharia wa Bara Hindi waliokufa katika vita vile wanakadiriwa kufikia 3,400. Mchochea makaa alikaa mbali zaidi na ngazi, na topido ilipopiga chumba cha mashine yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufa. Tena, kwa sheria ya kazi ya wakati ule, mshahara wa baharia ulikoma meli ilipozama. Aliyeokolewa baharini alifika nchi kavu akiwa hana kazi.

Marekebisho yalikuja polepole. Mwaka 1920, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Genoa ulipitisha mkataba wa kumlipa fidia baharia ambaye meli yake imezama. Mwaka 1936, kwa makubaliano ya London, nchi zilikiri kwamba nyambizi nazo zifuate sheria ya kuwaokoa watu kabla ya kuzamisha meli ya biashara. Vita vya Pili vilipokuja, sheria hiyo ikavunjwa tena na pande karibu zote. Ndipo mwaka 1949, katika Mkataba wa Tatu wa Geneva, yakaandikwa maneno yaliyomhusu Fryatt moja kwa moja: mabaharia wa meli za biashara, pamoja na manahodha wao, wakiangukia mikononi mwa adui wahesabiwe mateka wa vita. Kwa sheria hiyo, mtu kama yeye angerudishwa Ruhleben akasubiri amani. Ilichukua miaka 33 kumpa baharia haki iliyoweza kuokoa maisha ya huyu mmoja.

Wala haki hiyo haijamaliza hatari. Tarehe 6 Machi 2024, kombora lililorushwa kutoka Yemen liliipiga meli ya mizigo True Confidence katika Ghuba ya Aden, ghuba ile ile ambamo Königsberg iliiteka City of Winchester. Mabaharia watatu walikufa, Wafilipino wawili na Mvietnamu mmoja, watu waliokuwa kazini kwa mkataba wa ajira katika vita visivyo vyao. Baadhi ya meli zinazopita njia hiyo huleta ngano na mbolea Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hiyo jambo la mabaharia hawa si historia ya Wazungu tu. Sisi tunaokula kwa kazi yao tuna wajibu wa kudai mambo matatu kwa kila serikali inayowapeleka au kuwatumia: walipwe hata meli isipofika, walindwe kabla ya kusifiwa, na yule anayewaamuru wasisimame awe tayari kuwasimamia wakikamatwa. Fryatt alitimiza sehemu yake ya mapatano hayo. Waliomtuma hawakutimiza ya kwao hadi alipokuwa kaburini.